Makapi ndani ya mifuko ya Aristide

Éliane, uko wapi? Jibu!

Jana kocha Urbain alimupima mujukuu wangu Aristide hapa uani: mara moja tu, uzito wa mwisho anaoweza kuinua. Mifuko mbili ya muchanga kwenye chuma, kilo mia. Na mie nilikuwa nimeisha kutoa muchanga, nikatia makapi ya mahindi. Nilitaka tu kucheka!

Akainua! Urbain akaandika mia. Akaandika, Éliane!

Asubuhi hii nikamuungamia. Akacheka, hakuamini: "Mama, weye na mizaha yako! Kwa ile mia ya jana, leo kwangu anainua chuma ya kweli, bila mifuko, kilo makumi nane, mara tano."

Nimepiga simu ya Aristide mara tisa. Sasa njo imepokewa.

Ni Urbain. Hacheki.

"Mama, yale makapi… ilikuwa kweli?"