Mtikisiko wa Pikapu ya Mjomba

Jumatano. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo hakuna, na nina hasira ambazo hata kuoga hakujazipoza.

Wiki mbili sasa pikapu ya mjomba inasumbua. Nikiondoka tu, inagonga chini, ko! Nikifika spidi ya sitini kwenye lami ya Kilindoni, sakafu nzima inatetemeka mpaka magunia yanasogea nyuma. Mwaka wa tatu huu nabeba nayo mwani wa kina mama wa Utende, haijawahi kunifanyia hivi.

Fundi aliizunguka mara moja, akasema klachi. Kwa nini klachi? Kwa sababu dereva ni mwanamke. Hakuingia chini ya gari hata dakika moja.

Mjomba akalidaka neno hilo, akalipeleka barazani kwenye kahawa, mbele ya wanaume wenzake: mguu wangu mzito unaua gari, na Ijumaa funguo atampa dereva mwanamume. Habari zikanikuta jikoni kabla ya magharibi.

Nakiri, nililia.

Leo nimeipima mwenyewe. Nilifika sitini, nikatia nyutro, injini ikaacha kuvuta magurudumu, ikatulia, mtetemo ukabaki vile vile. Sasa klachi inaingiaje hapo? Nikarudi nyumbani, nikazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, nikanyanyua ya nyuma kwa jeki, nikajilaza chini juu ya kanga kuukuu. Nikashika chaki karibu na propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma, nikalizungusha kwa mkono. Chaki ikachora upande mmoja tu. Limepinda. Na kwenye kiungo chake nikachomoa nyuzi za kamba ya bluu, zimesokoteka na grisi.

Kamba, jamani!

Nikaenda pwani. Mashua ya mjomba iko juu ya magogo inapigwa kalafati, kuzibwa nyufa, na kamba ya bluu ile ile imening'inia ubavuni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamuuliza, wiki mbili nyuma, siku ile walipoichukua pikapu kuivuta mashua hadi nchi kavu, kamba waliifunga wapi.

"Si pale chini, kwenye chuma kirefu," akasema. "Kigumu kile, mwanangu, hakina neno. Ilijisokota kidogo, tukaikata."

Huyu ndiye mtu anayekagua kila fundo chomboni mwake, anayemfokea mtu akifunga nanga ovyo. Kaifunga mashua nzima kwenye propela! Nikamwonyesha nyuzi. Akazitazama sana, kisha akacheka kidogo, akasema basi, yamekwisha, endelea na gari.

Yamekwisha?

Wiki mbili napita njiani watu wananitazama miguu. Namheshimu mjomba, ndiye aliyenifundisha kuendesha wakati wengine wanacheka, na ndiyo maana limeniuma hivi. Angenisema mgeni, ningempuuza.

Funguo ninazo hapa mezani. Lakini sizitaki kwa kunong'onezwa pwani. Neno lile alilisema barazani, akalifute barazani. Pale wanawake hatukai, tunapita tu tukiangalia chini.

Kesho baada ya alasiri nitamwamkia mjomba, nitakaa kwenye benchi lao, na sitanyanyuka mpaka aseme.