Kapeti Imelowa na Sajini Hayupo

Jumatano, Aprili 2015. Kasese, upande wa Nyamwamba. Mvua tangu alfajiri, milima haionekani kabisa.

Kapeti imelowa tena.

Nimeikanyaga asubuhi nikienda kufungua dirisha, miguu peku, na ule ubaridi ukanipanda mpaka magotini. Nikasimama palepale. Maana mbwa ninayemlaumu kwa unyevu huu, Sajini, hayupo humu ndani. Jumamosi nilimpeleka Bwera kwa binamu yangu. Leo ni siku ya tano. Sasa nani amekojoa?

Ngoja nieleze tangu mwanzo, kwa sababu leo nina la kuungama na sitaki kulizungukazunguka.

Mimi nakodisha magauni ya harusi. Sebule yangu ndiyo duka langu: kioo kirefu ukutani, magauni kwenye reli, na katikati kapeti nene ya rangi ya maziwa niliyoinunua mpakani, Mpondwe. Bibi harusi anavua viatu, anapanda juu yake, gauni linaburuta nyuma, anajigeuza mbele ya kioo, halafu anaanza kulia na mama yake analia. Hapo kazi yangu imekwisha. Lakini gauni jeupe halifichi kitu. Kapeti ikiwa chafu, biashara imekufa.

Mwaka jana baba yangu, ambaye namwita Tata kama Wakonzo wengine wanavyowaita baba zao, alikuja kuishi nami kutoka Bwesumbu. Mama alishatangulia, na goti la Tata lilikuwa limechoka na miteremko ya shamba lake la kahawa kule. Alikuja na redio, blanketi na mbwa wawili. Bosi bado ana utoto, anatafuna kila kitu. Sajini ni mzee kama Tata mwenyewe. Tata si mtu wa maneno. Mimi ananiambia yale ya lazima tu: chai imepoa, mvua inakuja, kuna mteja mlangoni. Lakini na Sajini anaongea asubuhi nzima. Anamsimulia habari za redio, anamuuliza maoni. Nikiwa jikoni nasikia yote, na mara nyingine naona wivu.

Wivu wa mbwa. Haya, nimeandika.

Manyoya ndiyo yalikuwa adui wangu wa kwanza. Ufagio unayazamisha tu. Niliyaokota kwa vidole, niliyaokota kwa karatasi ya gundi, mpaka siku moja nikaburuta ndara ya mpira iliyolowa juu ya kapeti bila kukusudia na nikaona manyoya yamejikunja nyuma yake kama kamba. Tangu siku hiyo ndara moja ya kushoto haivaliwi tena humu ndani, ni chombo cha kazi. Unailowesha kidogo, unaivuta kuja kwako, upande mmoja tu. Nilijaribu pia majani ya chai yaliyokamuliwa, kumwaga kisha kufagia. Vumbi linashikwa kweli, lakini kama kapeti yako ni ya rangi ya maziwa usijaribu, niamini mimi.

Ilibaki harufu. Mbwa akinyeshewa halafu akalala kwenye kapeti, bibi harusi anakunja pua kabla hajasalimia. Nikaingia mtandaoni, nikasoma kwamba unanyunyiza chumvi, unaiacha usiku mmoja, unafagia, na harufu inakwenda nayo.

Nilicheka. Chumvi, kwetu hapa? Jikoni nilikuwa na debe zima la ile ya Katwe, ya ziwani hapa karibu, ya kijivu, ya mawemawe, ile tunayowanunulia mbuzi. Nikamwaga kwa mikono miwili. Nikaisugua kwa brashi iingie mpaka chini, hasa mbele ya kioo na karibu na kiti cha Tata, pale Sajini anapolala. Asubuhi nikafagia iliyobaki juu. Harufu ilipungua kweli, nikajiona fundi. Wiki iliyofuata nikaongeza, na nyingine tena.

Tata aliniona kila mara. Aliinua miguu ili nifikie vizuri. Hakusema kitu.

Kisha mvua za masika zikaanza, na mabaka yakaanza. Kila siku ya mvua naamka nakuta kapeti imelowa, mahali palepale, kwenye kioo na kwenye kiti. Mara mbili nilimkuta Sajini ameinamisha mdomo juu ya unyevu, anaramba, na aliponiona akarudi nyuma na mkia chini. Mimi nikasema, mkosaji anajua kosa lake. Nilitaka ushahidi gani tena?

Ijumaa akaja Afande Akello kujaribu gauni. Ni askari polisi, anaishi kambini, anaolewa mwezi ujao, na hata akicheka unahisi kama ametoa amri. Alivaa, akapendeza, akapiga hatua mbele ya kioo. Halafu akainua mguu mmoja na kuutazama chini.

“Madamu, kapeti yako iko na mkojo ya mbwa. Gauni yangu haiwezi gusa hapa. Chagua moja: mbwa ama sisi.”

Aliondoka akisema atarudi Ijumaa ijayo kuangalia. Aibu ilinivaa, nikashindwa hata kumsindikiza hadi barabarani.

Jioni ileile nikamwambia Tata kwamba Sajini amezeeka, hawezi tena kujizuia, na kwamba kwa binamu yangu Muhindo kule Bwera kuna uwanja mpana, atapumzika. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Yeye akaniuliza tu, saa ngapi. Nikasema asubuhi. Akasema sawa.

Jumamosi alimfunga Sajini kamba mwenyewe, akanikabidhi, akarudi ndani. Hakutoka kuangalia gari likiondoka. Niliporudi nikamfunga Bosi naye nyuma ya nyumba ili kusiwe na mbwa yeyote ndani, nikakausha kapeti, nikapumua.

Jumatatu mvua, kapeti ikalowa. Nikasema labda ni mabaki. Jana jua liliwaka, na kufika saa sita kapeti ilikuwa kavu kabisa bila mimi kuigusa. Hapo ndipo nilianza kushangaa. Mkojo gani huu unaojua hali ya hewa?

Basi leo asubuhi, mvua inapiga mabati, nikapiga magoti kwenye kapeti yangu nikaanza kuichunguza kama mpelelezi. Nikapapasa ukuta, mkavu. Nikatazama dari, hakuna doa. Nikainama nikanusa. Haikunuka mkojo. Ilinuka unyevu tu, na kitu kingine ambacho pua yangu ilikijua lakini kichwa kikakataa kukitaja.

Nikagusa kwa kidole. Nikatia kidole mdomoni.

Ndiyo, nimeramba kapeti yangu. Mwanamke mzima, mwenye biashara. Na ilikuwa chumvi, chumvi kali.

Nilikwenda jikoni nikiwa tayari ninajua nitakachokuta. Lile debe lilikuwa limekaa katika dimbwi lake, na gazeti nililolitandika chini limegeuka uji. Chumvi hii ikikutana na hewa ya mvua inavuta maji mpaka inatiririka. Nani hajui? Tangu nikiwa mtoto nimeona akina mama sokoni wakifunika magunia yao mvua ikitishia tu. Mtandao ulisema chumvi, ukimaanisha ile laini ya pakiti, mimi nikachukua ya mbuzi, nikaishindilia kwenye kapeti wiki baada ya wiki, halafu nikashangaa kapeti inalowa. Na Sajini maskini alikuwa anafanya kile ambacho mbuzi yeyote angefanya. Alikuwa anaramba chumvi.

Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni.

Kisha nikafunga duka. Tata alikuwa bado chumbani kwake, siku hizi anachelewa kuamka. Nikamwambia kupitia mlango kwamba natoka, nitarudi mchana. Akaitikia. Sikumwambia naenda wapi, nilitaka kwanza nimpate mbwa.

Muhindo anauza vitenge sokoni Bwera, na Kiswahili chake ni cha ng’ambo ya mpaka kwa sababu wateja wake wengi wanatoka ng’ambo. Nilimkuta anapanga mzigo. Sajini alikuwa amelala chini ya meza, uso kuelekea barabarani. Aliponiona aliinuka taratibu, miguu ya nyuma ikitetemeka, akaja akaweka kichwa kwenye goti langu. Sikustahili.

“Dada, hii mbwa haina ugonjwa,” Muhindo akaniambia. “Usiku ikitaka kukojoa inakwaruzaka mulango, nafungula, inaenda inje. Ila kukula, imekataa. Inaangaliaka tu barabara.”

Nilimweleza habari ya chumvi. Alicheka hadi akashika meza, akawaita majirani nirudie. Nikarudia, nilistahili hilo.

Kurudi haikuwa rahisi, madereva hawapendi mbwa. Mwishowe mwenye lori la vitunguu akatukubalia tukae nyuma, Sajini katikati ya magunia na mimi nimemshika shingo. Tulipofika Kinyamaseke mvua ikakatika. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumwambia Tata. Nilidhani atanicheka, na nilitamani sana anicheke.

Alikuwa amekaa barazani. Sajini aliruka kabla sijafungua lango vizuri, akamwendea, na Tata akainama juu yake akamshika masikio yote mawili. Hakumwambia kitu, yeye anayemsimulia kila kitu. Nikaona mabega yake yanacheza nikatazama pembeni.

Kisha nikapiga magoti mbele yake kama binti anavyopaswa, nikamwomba msamaha, nikaeleza yote: kapeti, kidole, debe jikoni. Niliongea haraka. Nilipomaliza, nikamuuliza kama yeye hakutambua kwamba ni chumvi.

“Nilitambua siku ya kwanza ya mvua,” akasema. Alisema kwa lugha yetu, mimi nayaandika hivi. “Chumvi ya Katwe nimeibeba mgongoni nikiwa kijana.”

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza.

Alimkuna mbwa nyuma ya sikio.

“Mtoto wa Kasese asiyejua chumvi ya Katwe? Sikudhani yupo. Niliona unamwaga, kapeti inalowa, unamsingizia mbwa, unaendelea kumwaga. Nikajua unatafuta sababu. Nikasema, ameanza na mbwa. Mimi nitafuata.”

Nilibaki pale chini, magoti kwenye saruji, na nikalia mbele ya baba yangu kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama. Nikamwambia hii ni nyumba yake. Nikamwambia sijawahi hata kuwaza hivyo. Akasema amesikia. Kisha akaniambia niinuke nimpe mbwa maji na ugali, nimfungue Bosi naye, kelele zake zinamchosha.

Kesho, mvua ikikubali, nitaikunja kapeti tuipeleke ikasuuzwe kwa maji matupu, mara nyingi, bila sabuni na bila maarifa ya mtandaoni, mpaka nikiiramba isiwe na ladha. Afande Akello akija Ijumaa atasimama kwenye mkeka. Akikataa, akatafute gauni kwingine.

Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni jingine. Nimekuwa nikijiuliza jioni yote ni kitu gani nilifanya, au sikufanya, mpaka baba yangu akaona ni jambo la kawaida kwamba nitamfukuza. Hakushangaa wala hakulalamika. Siku tano amekaa mezani kwangu akingoja zamu yake, na kila jioni, nikiondoa sahani, aliniambia asante.