Breki za Gari la Salim

Alhamisi, baada ya isha



Ni mimi niliyemfungia ndugu yangu Salim turbo, kile kifaa cha kuipa injini nguvu zaidi. Kila mashindano alikuwa akimaliza nyuma ya magari mapya, kisha akinibembeleza: "Dada, wewe ndiwe fundi wangu. Niongezee nguvu." Nikamwongezea. Breki nikaziacha zile zile za zamani, nikamwambia gari liko tayari.

Leo tumelijaribu kule Utange, kwenye barabara mpya ambayo haijafunguliwa. Niliketi kando yake. Kwenye kona Salim alikanyaga breki, na gari likaendelea kwenda. Liliposimama, lori la mchanga lilikuwa mbele yetu, karibu kiasi cha kuligusa kwa mkono.

Salim alicheka. "Wallahi, Jumamosi hawanioni!"

"Breki hazitoshi, Salim. Usiingie mashindanoni na gari hili."

"Si wewe uliyesema liko tayari?"

Kweli, nilisema. Hilo ndilo linalonitesa.

Tulilirudisha gereji, hapa Changamwe. Alipokwenda kuswali magharibi, niliifungua turbo ingali moto, nikaungua vidole viwili. Sasa iko chini ya kitanda changu.

Sijamwambia. Naogopa, maana hatujawahi kugombana kwa dhati, na mashindano haya ndiyo anayoyaota. Kesho atakuja kunifokea mbele ya mafundi wote.

Na afoke mpaka sauti imkauke. Atakuwa hai, nami nitakuwa namsikia.