Bukari (Ugali) ya Safari

Baba Orpha,

Nimeenda Kambove kulomba kaka yangu Nicolas nafasi ya samaki zetu mu bwawa yake. Ukuta ya bwawa yetu inazidi kupasuka, magaribi hapatabakia mayi, njo maana tulizitia mu mapipa.

Samaki zenye ziko mu pipa ya pili, usizipe kitu, hata kidogo. Weka pipa ku kivuli, ufunike na gunia ya kulowana. Mayi ya robinet, ya bomba, usiongeze, iko na dawa. Yenye itageuka tumbo juu, itoshe mbio, isichafulie zingine mayi.

Najua, kwetu hakuna muntu anatokaka na njaa. Njo maana leo asubui ulimwangia samaki za pipa ya kwanza bukari, eti ziko na safari. Samaki ya kushiba inachafua mayi, kisha inakosa pumzi. Pipa ya kwanza zimekufa zote, na mama zote za mayai zilikuwa mule. Nilikuita mupumbavu mbele ya batoto.

~~Usinigojee.~~ Unigojee. Nikipata motokari, tutazibeba sisi wawili mupaka kwa Nicolas, polepole.

Ile sahani ya bukari yenye uliniwekea mbele nitoke, hasira haikuniacha niiguse. Leo mwenye ametoka na njaa ni miye.

Mama Orpha