Injini Ilikuwa Ile Ile

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwa kaka yako.

Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua umetulia. Mama Mdogo naye vipi, kikohozi kimemwacha? Na watoto? Tunaambiwa wamerefuka kiasi kwamba tukipishana nao njiani hatutawajua. Sisi huku hatujambo. Mama anatembea vizuri tangu abadilishiwe dawa. Baba amekonda kidogo, lakini anakula na usingizi anaupata.

Najua umeshasikia kwamba tumepata gari. Habari za namna hiyo huwa zinafika mbali kabla ya barua. Nadhani hukuambiwa ni gari gani, kwa hiyo acha nikueleze mwenyewe.

Nilikwenda mnadani kutafuta cherehani. Ile ofisi Baba alikokuwa dereva ilikuwa inauza vitu vyake vichakavu: meza, makabati, feni, na cherehani za kushonea mapazia zilizokuwa zimelala stoo. Nikazunguka nyuma kutafuta choo, ndipo nikaliona. Limeegeshwa ukutani, matairi yote chini, majani yametokezea kwenye bampa, kioo cha nyuma kimezibwa kwa kipande cha turubai. Ile rangi nyeupe imekuwa kama meno ya mvuta tumbaku.

Nililitambua kabla sijasoma namba. Hata wewe ungelitambua. Ni lile lililokuwa linakuchukua shule ya bweni, Baba akishaomba ruhusa kwa bosi, nawe unakaa mbele na kushusha kioo ili watu wa mtaani wakuone.

Dalali alipolifikia hakujisumbua. Alisema linauzwa kama lilivyo, na mwenye kufuga kuku atakuwa amepata banda. Watu wakacheka. Mnunuzi wa vyuma chakavu akanyoosha mkono, nami nikanyoosha wangu. Sikuwa nimepanga lolote. Nilichojua ni kwamba sitaki likatwe vipande. Akapandisha, nikapandisha. Mwishowe akaguna, akarudi kwenye makabati.

"Dada, unaelewa kwamba haliwaki?" dalali akaniuliza.

Nikamwambia naelewa. Cherehani alizichukua mtu mwingine.

Tulilivuta kwa kamba hadi gereji ya Spana, yule fundi mwembamba wa nyuma ya kituo cha mafuta. Baba sikumwambia. Nilitaka kwanza nione kama kitu kile kinaweza kupumua tena, maana kumwonyesha maiti yake kungekuwa ukatili.

Ndani panya walikuwa wamejenga mtaa. Waya zimetafunwa, breki zimeganda, redieta imetoboka, sakafu upande wa abiria imeliwa na kutu mpaka unaona ardhi. Spana alichomelea bati jipya pale chini, akahangaika na breki hadi zikaachia. Viti niliviondoa nikavishona upya mwenyewe. Nilikuwa nikimaliza kushona jioni nakwenda gereji kumshikia taa.

Unakumbuka Baba alifukuzwa kwa kosa gani. Gari lilianza kutoa moshi mweupe, naye akaripoti kwamba gasketi imekwenda, maji yanaingia kwenye silinda. Afisa usafirishaji akafungua boneti, akatazama kwa mbali, akasema hii si injini ya gari hili. Dereva ameiuza nzima akaweka mbovu. Baba aliapa, akasihi, wapi. Alitoka pale na sweta lake na kikombe chake cha chai, kiinua mgongo hakuna. Na dereva aliyefukuzwa kwa wizi, nani atampa funguo? Tangu siku ile anasukuma mkokoteni wa maji.

Sasa sikiliza. Spana aliishusha injini ili aioshe. Upande mmoja, kwa chini, kulikuwa na ukoko wa grisi na vumbi, mgumu kama lami. Akaukwangua kwa bisibisi, akapitisha kitambaa chenye mafuta ya taa. Namba ikatokea. Akaniita, akanionyesha pia kibati kilichopigiliwa chini ya boneti, kile kinachotoka nacho kiwandani.

"Soma hii," akasema. "Haya, sasa soma na hii."

Nilisoma tarakimu moja moja, nikizifuata kwa kidole. Zilikuwa sawa toka mwanzo hadi mwisho. Injini ilikuwa ile ile iliyozaliwa na gari. Na ugonjwa wake ulikuwa gasketi, kama Baba alivyosema.

Kilichonichoma zaidi ni ule ukoko. Haukuwa umewahi kuguswa. Walimharibia mtu maisha, na hakuna hata mmoja wao aliyeinama akafuta.

Nilikwenda kumtoa Baba kwenye foleni ya bomba, tukaenda naye gereji na mkokoteni wake. Aliegesha mkokoteni mlangoni. Alilizunguka gari, akaweka kiganja juu ya paa, akakiacha pale kwa muda. Nilimwonyesha namba, nikamweleza. Nilitegemea atalia, au atatafuta pa kukaa. Alitazama kwa adabu tu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya nyumba anayoishi.

"Kwangu hii si habari, mwanangu," akasema. "Wapelekee wale ambao kwao ni habari."

Basi gari lilipowaka, safari yake ya kwanza ilikuwa ofisini. Leseni ya Baba ilikwisha muda siku nyingi, hivyo Spana ndiye aliyeendesha, na Baba akakaa kiti cha nyuma, pale alipokuwa anakaa bosi. Getini mlinzi akatuambia magari ya wageni hayaingii. Baba akabaki nje, mbele ya geti alilokuwa analipita kila siku ya Mungu.

Mimi niliingia. Meneja ni kijana, ana heshima zake, alinipa kiti na maji ya kunywa. Nilimweleza yote, nikamwonyesha picha za namba. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema yule afisa usafirishaji alishastaafu, walimuaga vizuri, wakamkatia keki. Nikamwuliza, na Baba yangu je? Aandikiwe hata mstari mmoja kwamba hakuiba.

"Gari si letu tena, mama," akanijibu. "Tulishaliuza. Kilichomo ndani yake ni mali yako sasa." Kisha akanipongeza kwa kulifufua.

Nilirudi kwenye gari nikiwa sijui nitamwambia nini Baba. Hakuniuliza. Tulipofika kwenye kona alimwambia Spana kwamba klachi inashikia juu sana, airekebishe.

Siku zilizofuata nikawa najiuliza ni nani mwingine ambaye kwake hii ni habari. Sikufikiri sana, Baba Mdogo. Ni wewe.

Wewe ndiye uliyekaa kwenye kikao cha harusi yako, sebuleni kwetu, ukasema wakwe zako ni watu wa heshima zao, na hutaki kusimamiwa na mtu aliyechafuka jina. Ukamwomba mjomba asimame mahali pa Baba. Baba aliyekulea tangu babu alipofariki. Baba aliyekusomesha kwa usukani ule ule. Hukumwuliza hata swali moja. Naye alijibu, "Haidhuru, siku ni yako," akaenda kuwaletea wageni maji.

Kuna jambo la siku ile hulijui, kwa sababu hatukukwambia. Sote tulikwenda harusini, yeye akabaki. Tuliporudi tulimkuta amevaa suti, viatu amevipiga rangi. Alivaa tangu asubuhi, akitegemea kwamba dakika ya mwisho roho itakusuta na utatuma mtu kumfuata. Alikuwa uani, na suti yake ile, anaanua nguo kambani. Mama alimsaidia kukunja.

Wiki iliyopita ulimpigia Mama simu. Ukamwambia mnakuja likizo, na kwa kuwa sasa kuna gari nyumbani, litafaa kuwapokea uwanja wa ndege na kuwazungusha kwa ndugu. Uliuliza hata kama buti ni kubwa. Mama alimpa Baba ujumbe wako, na Baba akasema, "Mwambie litakuja." Hakufikiri mara mbili. Akaanza hapo hapo kupanga nani atakaa wapi.

Lakini mwenye gari ni mimi, na mimi nasema halitakuja. Pandeni teksi. Mkifika mtapokewa, mtaoga, mtakula. Mkishapumzika nitawaita wote waliokuwa kwenye kile kikao, mjomba akiwemo, nawe utasimama sebuleni uwaambie kwa mdomo wako kwamba kaka yako hakuiba, na kwamba ulimkosea. Usimvute pembeni ukamnong'oneza. Ulimvunjia heshima mbele za watu, mrudishie mbele za watu. Ukishasema, funguo hizo, zunguka na gari mpaka uchoke. Usiposema, chakula utapata na kitanda utapata, ila kwa ndugu utakwenda kwa miguu.

Kama maneno haya yamekuwa makali, si kwa sababu sijui adabu. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena, na hii ndiyo ya upole.

Mama anawasalimu. Shangazi wa miwani anawasalimu na anauliza kama Mama Mdogo bado anashona vitambaa vya meza. Mjomba hajui nimekuandikia, na Baba pia hajui. Nipigie watoto mabusu, hawana kosa. Mungu awalinde safarini, awafikishe salama, akulainishe ulimi kabla hujafika.

Mwanao, ambaye bado anakupenda, ingawa mwaka huu imekuwa kazi ngumu,

Fundi Cherehani

Baada ya kumaliza: Baba amepita hapa mlangoni, akadhani naandika hesabu za wateja. Amesema nikikuandikia nikwambie usije na zawadi, njoo tu wewe.