Mlango wa Pango la Nyenje

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na wale watundu wako wawili. Jicho lililoingiwa na cheche limepona? Na mama, magoti bado yanamsumbua? Mimi mwili ni mzima. Najua unashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu ningesikia sauti yako, nikaishia kuzungumza mengine.

Nyenje wangu wa pangoni unawajua, maana kila nikija hunitania kwamba nimesoma miaka yote hiyo ili nihesabu miguu ya wadudu. Si kama nyenje wa nyumbani anayetunyima usingizi. Hawa hawana mabawa, kwa hiyo hawalii, na vipapasio vyao ni virefu kuliko mwili. Nilikaa kwenye hadubini mpaka shingo ikakakamaa, nikilinganisha miiba ya miguu yao ya nyuma na ya jamaa zao wa mapango mengine, hadi nikathibitisha kwamba ni aina ya peke yake, isiyopatikana popote ila katika pango lile moja. Nilikupigia nikilia kwa furaha, nawe ukaanza kuniita Dokta Nyenje mbele ya wateja wako.

Basi hofu ikaniingia. Watu walikuwa wakiingia na tochi, watoto wakiwakamata kwa mchezo. Mkuu wetu wa idara akakubali tuweke mlango wa nondo, kazi ya kuuchomelea ukapewa wewe. Tulikubaliana sote watatu kwamba nafasi kati ya nondo na nondo iwe ya kiganja kizima, popo wapite. Nyenje wale hula kinyesi cha popo, na popo wasipoingia, pango halina chakula.

Wiki iliyopita nilienda na mkuu kukagua. Kinyesi kimekauka na kuwa vumbi. Ukuta ambao nyenje walikuwa wakijazana hata mtu akakosa pa kuweka kidole ulikuwa mtupu, na chini yake imetapakaa miguu na vipapasio. Njaa iliwafanya walane. Wamebaki wachache tu kwenye ufa wa nyuma. Mkuu alipima mlango, akakuta nafasi ni za vidole viwili. Aliponiuliza imekuwaje, nilijibu kwamba huenda fundi alikosea kipimo.

Ndipo akakupigia, akakwambia milango ya mapango mengine atapewa fundi mwingine. Jioni ukanipigia mimi. Ulisema hujui tepu yako ilikudanganyaje, ukaniomba radhi kwa kuniharibia kazi. Nami nikakwambia yamekwisha, nimekusamehe.

Kaka, hukukosea. Unakumbuka wifi alipokuita ukale, ukaniacha karakanani peke yangu? Alama zako za chaki zilikuwa sahihi. Nilizitazama nikaona mkono wa mtoto utapenya, nikazifuta kwa kitambaa changu cha kichwa, nikachora zangu, za karibu karibu. Nilijiambia popo ni wadogo, watajipenyeza. Nilisomea mambo hayo na bado nikajidanganya. Ukarudi, ukavaa miwani yako, ukachomelea palepale penye chaki. Nondo zilipopungua ukasema muuza vyuma amekupunja, nami nikacheka pamoja nawe.

Nimeona aibu kukuacha ubebe kosa langu. Leo asubuhi nimemweleza mkuu mbele ya wenzangu wote. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Nimemwomba ulisikie kwangu kwanza, kisha atakupigia mwenyewe kukutaka radhi. Dereva aliyekuletea barua hii nimemwambia asubiri. Ukikubali, panda naye na mashine yako ya kukatia vyuma, uondoe nondo moja katika kila mbili, maana wale wa kwenye ufa hawana muda. Kama hutaki kuniona, nitakaa mbali mpaka umalize.

Ule msamaha niliokupa haukuwa wangu wa kutoa. Wa kwako bado sina uso wa kuuomba.

Msalimie wifi, na umwambie ukweli huu leo hii, asilale tena akidhani mumewe amesahau kazi yake. Mama mwachie mimi, nitakuja kumwambia mwenyewe. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako,
niliyefuta chaki yako.