Nta Niliyoipaka Baada ya Mvua

Kigoma, Jumapili, 2 Machi 2003

Baba,

Leo ni miezi kumi na moja tangu niondoke mtaani kwetu Buyenzi, ng'ambo ya ziwa, na zaidi ya mwaka tangu tukuzike. Nabeba magunia hapa bandarini. Mgongo unauma, lakini si maumivu hayo yanayonifanya niandike. Juzi nilipata barua ya binti yangu Zena. Anasema shule itawapeleka tena kambini likizo ya Pasaka, naye ataazima hema kwa mwenzake. "Papa, lile la babu lilivuja." Ameandika hivyo tu, bila ubaya.

Baba, halikuvuja kwa kosa lako.

Unakumbuka Zena alivyokuja na ile karatasi ya mwalimu? Blanketi, tochi, sahani ya bati, hema moja kwa watoto wawili. Alikuwa hajawahi kulala nje, ila siku zile tulizokimbia risasi, na sasa alikuwa akiruka kwa furaha kwenda kulala nje kwa kupenda. Milimani hakukwendeka kwa vita, kwa hiyo waliwekwa kwenye uwanja wa shule ya mapadri, mjini humo humo, watoto wa mitaa yote pamoja. Nilipotaja kuazima, ulikuja juu: "Mujukuu wa fundi wa turubai aazime hema? Apana! Watanicheka mupaka Jabe." Nikasema madukani Rohero wanauza ya nailoni. Ukanijibu: "Ya nailoni muvalishe muke wako."

Ulikata turubai kuukuu la lori, ukashona siku tatu. Ukaniachia kazi moja: mshono wa mgongo, ule wa juu kabisa unaopigwa na maji kwanza. Niupake nta, kisha niupitishie pasi ya makaa. "Kila tundu la sindano linywe nta. Usifanye mbio, we." Ukaenda kusali Alasiri. Mimi nilikuwa nangojewa kwenye karata, mtaa wa jirani, Jabe. Nikalikunja hema, nikalifunga kamba, nta nikaitia mfukoni. Uliponiuliza kama nimepaka, nikasema ndiyo.

Ilinyesha usiku wa kwanza. Zena akarudi asubuhi na hema lake, blanketi linachuruzika, watoto njiani wakimwita Chujio. Wewe ulikuwa gereji, ukimpimia mtu lori. Na hapo ndipo nilipofanya jambo baya kuliko lile la kwanza. Niliwasha pasi, nikaukausha mshono, nikaupaka nta ile ile. Ulipoingia, pasi nilikuwa nimeificha nyuma ya cherehani, bado ya moto.

Uliposikia limevuja, ukaupapasa mshono. Vidole vyako vilikuwa vimekufa ganzi kwa sindano za miaka mingi, havikutambua kwamba nta ni ya saa ile. Ukasema, "Nta iko. Basi ni mukono wangu umezeeka." Ukamwomba radhi Zena. Mzee mzima, ukimwomba radhi mtoto wa miaka tisa. Na mimi nimesimama pale.

Hukushona tena. Wenye malori walipokuja uliwaelekeza kwa mafundi wengine, ukakaa kibarazani mikono mapajani. Nami kila siku nikisema nitakwambia kesho. Kisha Ramadhani ikaingia, ukaugua, hukuinuka tena. Nilikuosha mimi, Baba. Nilipofika kwenye vidole nilitaka kusema, hata kama husikii. Wenzangu walikuwa wameshika maji, wananiangalia. Nikapokea maji, nikaendelea kuosha.

Watu wanadhani nilikuja huku kutafuta riziki tu. Nilikuwa siwezi kupita karibu na ile cherehani.

Sasa Zena ataishi akijua kwamba babu yake alishona vibaya, na mtu pekee anayejua ukweli ni mimi. Hilo nimeshindwa kulibeba.

Nimenunua turubai jipya na nta. Nitamwambia kabla sijafungua mzigo, nikianzia Jabe hadi kwenye pasi. Akinikasirikia, ana haki. Mshono wa mgongo nitaushona kwa namna yako, na nta ataipaka yeye mwenyewe, aone inavyotakiwa. Kisha nitakuja makaburini kukuomba radhi kwa mdomo wangu, si kwa karatasi.

Pumzika, Baba. Mkono wako haukuzeeka.

Meli ya mizigo inaondoka Alhamisi. Ijumaa, kabla ya sala, nitakuwa Buyenzi.

Mwanao